Vinanda vya Mtaani vya Kuzungusha kwa Mkono: Vilikotoka, Vinavyofanya Kazi na Namna ya Kuvitunza

Anayekiona kinanda cha mtaani kwa mara ya kwanza, iwe Amsterdam au Mexico City, huona mtu anazungusha gurudumu au mkono wa chuma na kudhani kazi yake ni hiyo tu. Mkono ule una kazi mbili kwa pamoja. Unasukuma mivukuto ili hewa ijae, na papo hapo unausogeza mbele wimbo ulioandikwa kwa misumari au kwa matundu. Kazi zote mbili zimefungwa kwenye shafti moja, kwa hiyo mzungushaji akilegea, upepo hupungua na mwendo wa wimbo hulegea vilevile. Hitilafu za vinanda hivi huanzia kwenye njia mojawapo kati ya hizo, ya upepo au ya wimbo, na ya upepo ndiyo inayotangulia. Vinanda vingi vya kale vimeharibiwa na mafundi walioanza kugusa filimbi kabla ya kuhakikisha kwamba hewa inazifikia.

Vyombo vinavyochanganywa

Kinanda kinachozungumziwa hapa kina filimbi zinazopulizwa na hewa ya mivukuto. Piano ya mtaani, ambayo nayo ilizungushwa kwa mkono barabarani, hasa Uingereza na Hispania, ina nyaya na nyundo ndani yake na haina mvukuto hata mmoja. Kisanduku cha muziki cha Uswisi kina kitana cha chuma ambacho meno yake hukwanyuliwa na pini. Kinanda cha viwanja vya maonyesho ni ndugu mkubwa wa kinanda cha mtaani, kimejengwa ili kisikike juu ya kelele za bembea na injini za mvuke. Anayenunua piano ya mtaani akidhani ni kinanda cha upepo atahangaika kutafuta ngozi na gundi, kumbe anachohitaji ni nyaya na fundi piano.

Vinanda vya upepo navyo vina vizazi vitatu, kulingana na kinachobeba wimbo. Cha kwanza ni silinda ya mbao iliyopigiliwa misumari midogo. Cha pili ni kitabu cha kadibodi kilichotobolewa. Cha tatu ni roli ya karatasi. Ukishajua kinanda chako ni cha kizazi gani, umeshajua nusu ya matatizo yatakayokupata.

Kutoka kufundisha ndege hadi barabara za miji mikubwa

Katika karne ya 18, Wafaransa walitengeneza visanduku vidogo vya silinda na filimbi chache kwa ajili ya kuwafundisha ndege wa kanari kuimba. Mji wa Mirecourt, mashariki mwa Ufaransa, ulijulikana kwa kazi hiyo. Mpango ulikuwa uleule wa vinanda vilivyofuata: mkono, mvukuto, silinda, filimbi. Ulipokuzwa kidogo na kuwekewa mkanda wa begani, ukawa chombo cha kutafutia riziki barabarani.

Katika karne ya 19, Waitaliano wengi waliotoka milima ya Parma na Liguria walivibeba vinanda hivi hadi Paris, London, Berlin na New York. Watengenezaji nao walikusanyika mahali pachache. Ignaz Blasius Bruder alihamia Waldkirch, katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, mwaka 1834, na wanawe wakaugeuza mji ule kuwa kitovu cha ufundi huu. Berlin ilikuwa na karakana za mafundi wenye asili ya Italia, zikiwemo Frati & Co na za ukoo wa Bacigalupo, katika barabara ya Schönhauser Allee. Paris ilikuwa na Gavioli, ukoo uliotoka Modena, na baadaye Limonaire na Marenghi. Mjini London, kampuni ya Chiappa ilifanya kazi katika mtaa wa Waitaliano wa Clerkenwell.

Si kila mtu alivipenda. Mwanahisabati Charles Babbage alipigana miaka mingi na wapiga vinanda waliosimama chini ya madirisha yake London, na mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyompa mwenye nyumba haki ya kumwondoa mwanamuziki wa mtaani kwa sababu ya ugonjwa, ya kukatizwa kazi au nyingine ya maana. Babbage ndiye aliyebuni mashine za kukokotoa, na katika mojawapo alipanga kutumia kadi zilizotobolewa alizoziiga kutoka kwenye mtambo wa kufuma wa Jacquard. Kadi za namna hiyohiyo ndizo zilizokuja kuvibadilisha vinanda.

Tatizo la silinda lilikuwa gharama. Silinda moja hubeba nyimbo 6 hadi 10 hivi, na kila wimbo huchukua mzunguko mmoja, ambao kwa kawaida hauzidi dakika moja. Wimbo mpya ukipendwa mjini, lazima silinda ipigiliwe upya, kazi ya maelfu ya misumari. Mwaka 1892 Anselmo Gavioli alisajili hataza ya mfumo wa vitabu vya kadibodi vinavyokunjwa zigizaga. Tangu hapo wimbo uliweza kuwa mrefu kadiri ya kadibodi iliyopo, na kinanda kimoja kikaweza kupiga mamia ya nyimbo. Sheria za hakimiliki nazo zilikuwa upande wa watengenezaji: Mkataba wa Berne wa 1886 ulisema kutengeneza na kuuza vyombo vinavyotoa muziki kwa mashine hakuhesabiwi kuwa kuvunja haki ya mtunzi. Ulinzi wa watunzi dhidi ya mashine hizo ulikuja kwenye marekebisho ya Berlin ya 1908. Kwa miaka ishirini na kitu, basi, wimbo wowote uliovuma ungeweza kutobolewa na kupelekwa barabarani bila mtunzi kulipwa.

Uholanzi ilichukua njia yake. Mwaka 1875 Léon Warnies, Mbelgiji, alianza kukodisha vinanda Amsterdam. Mzungushaji hakuwa na haja ya kukimiliki kinanda. Alikilipia kwa kipindi, akakisukuma mitaani juu ya mkokoteni, wenzake wakakusanya sarafu kwenye vikopo vya shaba, na jioni akakirudisha. Matengenezo yalikuwa juu ya mwenye karakana. Mpango huo ndio ulioviokoa vinanda vya Uholanzi, pengine kuliko mapenzi ya watu kwa muziki wake, kwa sababu kila kinanda kilirudi mbele ya macho ya fundi mara kwa mara. Mjerumani Carl Frei alifungua karakana Breda mwaka 1920 na kuujenga mlio unaotambulikana leo kuwa wa Kiholanzi: safu mbili za filimbi za mbao zilizozibwa juu, zikipiga noti ileile lakini moja ikiwa juu kidogo ya mwenzake, ili sauti itetemeke kwa upole.

Gramofoni, redio na magari vilikuja kuvisukuma vinanda pembeni. Meya Fiorello La Guardia alivipiga marufuku mitaani New York kuanzia 1936, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1975. Kiwanda kimoja baada ya kingine kilifungwa. Wapenzi wa vinanda Uholanzi waliunda chama chao mwaka 1954. Makumbusho yaliyoanzia Utrecht mwaka 1956, leo Museum Speelklok, yamo ndani ya kanisa la kale la Buurkerk tangu 1984 na yana karakana yake ya urekebishaji. Waldkirch bado hufanya tamasha la vinanda kila baada ya miaka mitatu. Mexico City ina wapigaji wenye sare za kaki wanaozungusha vinanda vya silinda vilivyotengenezwa Berlin zaidi ya miaka mia iliyopita, na Chile iliwatambua wapigaji wake na wenzao wanaobeba ngoma mgongoni kuwa hazina hai ya taifa mwaka 2013. Huko ndiko mzigo wa matunzo ulivyo mzito zaidi, kwa sababu karakana zilizovitengeneza ziko bara jingine na zilikwisha kufungwa.

Safari ya upepo

Mkono unazungusha krankishafti, yaani shafti iliyopindwa. Krankishafti inasukuma mivukuto ya pampu, kwa kawaida miwili au zaidi, inayopokezana ili hewa isikatike. Hewa inapita kwenye vali za ngozi za njia moja hadi kwenye mvukuto wa akiba, ambao unakandamizwa na springi. Springi hizo ndizo zinazoamua shinikizo. Mvukuto wa akiba ukijaa kabisa, vali ya usalama inafunguka na kutoa ziada. Kutoka hapo hewa inaingia kwenye kasha la upepo, ambalo filimbi zimesimama juu yake, kila filimbi na kilango chake kilichovikwa ngozi.

Kwenye kinanda cha silinda, msumari unainua kidole cha mbao au chuma, kidole kinavuta kijiti, kijiti kinafungua kilango. Msumari mfupi hutoa noti fupi. Kwa noti ndefu hutumiwa waya uliopindwa kama daraja. Silinda nzima inasogezwa kando milimita chache kila wimbo unapobadilishwa, na misumari ya wimbo mwingine inakuja chini ya vidole vilevile.

Kwenye kinanda cha kitabu, vidole vya chuma vinasukumwa na springi dhidi ya kadibodi inayopita. Tundu likifika, kidole kinachomoza na kufungua vali ndogo. Hewa inapita kwenye bomba jembamba la risasi na kuvimbisha kimvukuto kidogo cha ngozi, nacho kinafungua kilango cha filimbi. Kila kimvukuto kina tundu la kupumulia, la milimita moja hivi, ili hewa iliyobaki itoke na noti ikome mara moja. Wapo watengenezaji waliougeuza mpango huu, wakakifanya kidole kitoe hewa badala ya kuiingiza, kwa hiyo chora njia ya kinanda ulicho nacho kabla hujafungua kitu.

Vinanda vya roli havina vidole. Hewa yenyewe inapita kwenye tundu la karatasi. Kwa sababu hiyo roli inaweza kuwa na noti ndefu iliyotobolewa kwa vitundu vinavyofuatana, na karatasi inabaki imara. Kitabu cha vidole hakiwezi kufanyiwa hivyo, maana kila kipande cha kadibodi kilichoachwa katikati kinaangusha kidole na kuikata noti.

Kabla ya bisibisi

Piga picha kila upande, kila bomba, kila mahali palipoandikwa namba kwa penseli. Mafundi wa kale waliandika majina ya noti kwenye filimbi na mara nyingine tarehe za matengenezo ndani ya mivukuto; maandishi hayo yasifutwe. Vaa barakoa na glavu. Mabomba ya risasi yaliyokaa karibu na mbao za mwaloni huota unga mweupe, ambao ni sumu, na rangi za zamani za sura ya mbele nazo mara nyingi zina risasi.

Angalia vitundu vya duara vyenye kipenyo cha milimita 1 hadi 2 na unga mpya unaodondoka chini yake. Hiyo ni fukusi hai ndani ya mbao. Usimwage dawa ya mafuta, kwa kuwa inaingia kwenye ngozi na gundi na haitoki tena. Sehemu zinazoondoka, kama vinyago na filimbi za mbao, zifungwe kwenye plastiki isiyopitisha hewa na kugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku 3 au zaidi, kisha zirudi kwenye joto la kawaida zikiwa bado zimefungwa, ili unyevu ugande juu ya plastiki na si juu ya rangi. Kinanda kizima huwekwa ndani ya hema la nitrojeni kwa wiki kadhaa, na hiyo ni kazi ya wataalamu.

Mivukuto: hapa ndipo muda uende

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Hakikisha hakuna noti iliyofunguliwa (kwenye kinanda cha kitabu, vidole vyote viwe vimezuiwa visichomoze; kwenye cha silinda, fremu ya vidole iinuliwe), jaza mvukuto wa akiba, acha kuzungusha, hesabu sekunde hadi ushuke wote. Kinanda kidogo cha silinda kikikaa sekunde 10 au zaidi kina afya. Chenye vimvukuto vingi hushuka haraka zaidi. Andika hesabu hiyo na tarehe kwenye daftari la kinanda. Namba ikipungua mwaka hadi mwaka, ngozi inakwisha hata kama masikio bado hayajaona kasoro.

Kipimo cha pili ni shinikizo. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, uupinde kwa umbo la U, utie maji yenye rangi kidogo, na uunganishe ncha moja na kasha la upepo mahali pa filimbi iliyoondolewa. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili za U ndiyo shinikizo. Vinanda vidogo vya mkono huwa karibu na milimita 100 za maji, vya mtaani vikubwa huzidi hapo, na vya viwanja vya maonyesho hufika 200 na kuendelea. Namba ya kinanda chako ni ile ambayo filimbi zake zilitengenezewa. Fundi akikaza springi ili kinanda kisikike zaidi, filimbi zitapiga noti ya juu isiyotakiwa au zitakwaruza, kisha atashawishika kukata midomo ya filimbi kurekebisha kosa alilolifanya kwenye springi. Midomo ikishakatwa hairudi.

Ngozi huharibika kwanza kwenye mikunjo na pembe, ambako inapindwa mara maelfu. Moshi wa makaa ya mawe wa miji ya zamani uliacha tindikali ndani ya ngozi, nayo hugeuka unga mwekundu unaoshika vidole. Ngozi ya namna hiyo haiponi kwa mafuta wala kwa rangi ya mpira, na kuipaka ni kuahirisha kazi na kumwongezea ugumu atakayekuja. Ibanduliwe na kubadilishwa. Kwa mivukuto mikubwa tumia ngozi ya kondoo ya unene wa milimita 0.8 hadi 1.2, kwa vimvukuto, ngozi laini ya milimita 0.2 hadi 0.4. Ngozi nene kwenye kimvukuto inakifanya kizito, na noti za haraka zinapotea.

Gundi ni ya ngozi za wanyama, ile ya chembechembe. Loweka sehemu 1 ya chembe kwa sehemu 1.5 hadi 2 za maji baridi, kwa uzito, saa kadhaa hadi zivimbe. Pasha ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto hadi nyuzi 60 au 65. Ikipita 70 inapoteza nguvu, ikichemka, itupwe. Inaganda ndani ya dakika moja hivi, kwa hiyo pasha mbao kwanza, paka haraka, weka ngozi na uipangusie kwa kitambaa chenye maji moto kilichokamuliwa. Sababu ya kuing'ang'ania gundi hii ni kwamba inaachia kwa joto na unyevu. Ngozi ya mvukuto hubadilishwa tena baada ya miongo kadhaa, na gundi nyeupe ya maseremala inaingia kwenye nyuzi za mbao na kumlazimisha fundi wa baadaye kukwangua mbao yenyewe.

Noti isiyonyamaza na noti isiyolia

Noti ikiendelea kulia bila kuitwa, anza na kilango chake: huenda kipande cha kadibodi au mchanga umekaa chini ya ngozi, springi yake imechoka, au mbao imepinda. Kwenye vinanda vya vimvukuto kuna sababu moja zaidi inayosahaulika sana, tundu la kupumulia lililoziba kwa vumbi. Hewa haina pa kutokea, kimvukuto kinabaki kimevimba, noti inachelewa kukoma au haikomi. Safisha kwa waya mwembamba kuliko tundu, taratibu, bila kulipanua. Tundu likipanuliwa ugonjwa unageuka: hewa inatoka upesi kuliko inavyoingia, na noti inakuwa nzito kuanza.

Noti isiyolia kabisa ina njia fupi ya kuichunguza. Inua kidole chake kwa mkono huku mwenzako akizungusha. Ikilia, kasoro iko kwenye kitabu au kwenye ncha ya kidole iliyochakaa. Isipolia, pulizia bomba la risasi la noti hiyo kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi, usiguse risasi yenyewe. Kilango kikifunguka, tatizo liko kati ya kidole na bomba. Kisipofunguka, kimvukuto kimepasuka. Kuna pia noti mbili zinazolia pamoja, ya pili kwa sauti ya chini. Hapo kasha la upepo limepasuka kati ya mifereji miwili, kwa kawaida baada ya majira ya baridi ndani ya chumba chenye hita. Mbao za vinanda hivi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 60. Chumba kikishuka hadi 30, nyufa hufuata.

Mafuta yaende kwenye beringi za krankishafti, matone mawili matatu, na grisi kidogo kwenye gia. Vidole na vijiti visipakwe chochote kinachonata. Vumbi likikutana na mafuta huko, vidole vyote vinakuwa vizito, na kuvisafisha ni kazi ya siku nyingi. Pale mbao zinaposuguana, unga wa grafiti unatosha.

Silinda na vitabu

Madhara makubwa kwa vinanda vya silinda hutokea katika sekunde moja ya kubadilisha wimbo. Silinda ikisogezwa kando huku vidole viko chini, misumari inapindwa na madaraja yanang'oka. Malizia wimbo, inua fremu ya vidole, sogeza silinda, shusha fremu. Usizungushe mkono kinyume. Msumari uliopinda unyooshwe kwa koleo nyembamba ukiulinganisha na wenzake walio kwenye mstari mmoja. Uliokatika ubadilishwe na wa unene na kimo kilekile, kwa sababu tofauti ndogo ya kimo inabadilisha urefu wa noti.

Vitabu vya kadibodi hupakwa shelaki, aina ya vanishi, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, pande zote mbili, ili viwe vigumu na visinyonye unyevu. Mwendo wa kawaida ni mita 3 hadi 4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika tatu unakula mita 10 hivi. Kwa mwendo wa mita 3.6 kwa dakika, tundu la milimita 6 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hapo unaona kwa nini makali ya tundu yaliyoliwa yanasikika. Mpasuko wa kwenye mkunjo uzibwe kwa kitambaa chembamba cha pamba na gundi, kisha shelaki. Utepe wa plastiki wenye gundi usikaribie kitabu. Gundi yake inatiririka siku za joto, kidole kinanasa, na kitabu kinachanika mbele ya watu. Kitabu kilichonyeshewa kikaushwe kikiwa kimefunguliwa, kimelazwa bapa chini ya uzito mwepesi, mbali na moto.

Kurekebisha sauti, kwa subira

Kazi hii ni ya mwisho, baada ya upepo kutulia. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, filimbi za kawaida hupanda kwa senti 3 hivi, yaani sehemu 3 kati ya 100 za nusu toni. Tofauti ya nyuzi 10 kati ya karakana na barabara ni karibu theluthi moja ya nusu toni. Filimbi za ulimi, ambazo hulia kwa ulimi wa shaba unaotetemeka, hazipandi kwa kiasi hicho, ndiyo maana kinanda kilichokuwa safi asubuhi huonekana kimeharibika saa saba mchana. Rekebisha katika joto ambalo kinanda hupigwa, andika joto hilo daftarini, na ulimi uufuate mlio wa filimbi nyingine kwa kusogeza waya wake.

Filimbi ya mbao iliyozibwa juu hupandishwa kwa kusukuma kizibo chini na kushushwa kwa kukivuta. Kizibo kikilegea, badilisha ngozi yake. Usijaze kwa karatasi. Filimbi iliyo wazi ina kibati juu kinachosogezwa kidogo kidogo. Na kama kinanda ni cha Carl Frei au cha shule yake, zile safu mbili zinazotetemeka ziachwe zitetemeke. Fundi asiyezijua, akiwa na kipima sauti cha kielektroniki mkononi, atazilinganisha sawasawa akidhani anafanya vema, na mlio wa Breda utatoweka kwenye kinanda hicho hadi aje mwingine kuurudisha.

Kati ya onyesho na onyesho

Kinanda kisichopigwa huharibika haraka kuliko kinachopigwa kwa uangalifu, kwa sababu ngozi inakakamaa katika mkunjo mmoja. Dakika 15 kila mwezi zinatosha. Zungusha kwa mwendo ulio sawa, na usikilize upepo kabla ya wimbo. Kinanda kikisafirishwa, vitabu viwe kwenye masanduku yao, vimesimama wima, visibanwe. Sura ya mbele ifutwe vumbi kwa brashi laini, bila maji, mpaka ijaribiwe mahali pasipoonekana kama rangi inaachia.

Wapo wanaoweka sumaku-umeme na kompyuta ili kinanda kipige nyimbo bila vitabu. Kazi hiyo inakubalika ikiwa hakuna mbao ya asili inayotobolewa na kila kitu kinaweza kuondolewa bila kuacha alama. Faida kubwa ya kompyuta iko kwingine: matundu ya kitabu cha kale yakishapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, kitabu kipya kinaweza kutobolewa kwenye kadibodi mpya, na kile cha zamani kikapumzika. Ifanyike kabla kitabu hakijachakaa, kwa sababu makali yakishaliwa, urefu halisi wa kila noti umepotea na mpiga matundu atalazimika kuukisia.